Naomba ushauri: madoa ya jua usoni, liwa haijanisaidia

Asalam aleikum ndugu zangu. Nauza matunda Kongowea, mwaka wa 9 huu. Shavu la kulia, upande usiofikiwa na mwavuli, limeota madoa ya kahawia kama punje za kunde, na mikunjo chini ya jicho. Tangu Ramadhani napaka liwa na manjano. Ngozi yapoa, madoa yako palepale. Retinoli, ile dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, iliniwasha hadi nikaambuka. Sasa nasikia bakuchioli, dawa ya kupaka itokayo kwenye mbegu za mmea uitwao babchi: watu 44 walijaribiwa wiki 12, ikapunguza mikunjo na madoa sawa na retinoli, na haikuwachubua sana. Aliyeitumia kwa joto hili la Mombasa, imemfaa? Nanyonyesha pia, hilo ndilo lanitia hofu.