Nyimbo za Misa: upi unakufungua mdomo, upi unaufunga?

BesiWaZamani

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Nimeimba besi kwenye kwaya ya parokia miaka 13. Mwaka jana sauti ilianza kukatika, daktari akaona vinundu kwenye nyuzi za sauti na kunikataza kuimba kwa nguvu. Nikarudi benchi. Nakaa safu ya nne kutoka nyuma, pembeni ya nguzo, na huko nimeanza kusikia mambo ambayo kwa miaka yote hiyo sikuyasikia. Naomba tuyazungumze bila kukwazana, maana najua nyimbo za kanisani zinagusa watu pabaya.

Nianze na Mtakatifu, ule wimbo wa Misa wa "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu". Kwaya yetu ina mmoja ambao niliupenda mno nilipokuwa naimba. Soprano wanaanza, alto wanafuata wakiwa neno moja nyuma, teno wanadakia, halafu sisi besi tunaingia mwisho kabisa na "mbingu na dunia zimejaa". Nilikuwa nasisimka mwili mzima. Sasa nikiwa benchi sisikii hata neno moja, kwa sababu kila sauti iko kwenye neno lake. Padre ametoka kutualika tuunganishe sauti zetu na malaika, na waamini wote wamesimama kimya, midomo imefungwa, wanatazama kwaya. Mara ya kwanza nilipoiona ile midomo nilishtuka. Miaka 13 nilikuwa nimeipa mgongo.

Sipendi pia mstari wa mwisho kurudiwa mara tano, kila mara ufunguo unapanda nusu sauti. Matoleo yameshafika altareni, padre ameshanawa mikono, ameganda anatusubiri. Na sipendi ule mdundo wa kubonyeza kwenye kinanda cha umeme. Ngoma anayoipiga mtu naipenda, kwa sababu mpigaji anawasikiliza watu. Mdundo wa mashine hauwezi kumsubiri mzee anayevuta pumzi katikati ya mstari.

Kuna wimbo mmoja wa komunyo ambao sitautaja jina, wa "nafsi yangu imechoka, nibebe". Ukiuanza, mimi nainamisha kichwa na kunyamaza. Shairi la kwanza ni mimi, la pili ni mimi, la tatu ni mimi na machozi yangu. Najua Zaburi nazo zinasema "mimi". Ile ya 130 ni mtu analia toka vilindini. Lakini mwenye Zaburi ile hafiki mwisho kabla hajainua macho. Anamaliza akiwa anaiita Israeli yote imtumaini Bwana. Huu wimbo hauinui macho popote. Nimeukagua shairi kwa shairi.

Ninazozipenda? Litania ya Watakatifu usiku wa kuamkia Pasaka. Haihitaji kitabu wala kinanda. Mmoja anataja jina, kanisa zima linajibu "utuombee", na kufika katikati husikii tena sauti ya mtu mmoja mmoja, ni kama ukuta unaimba. Naupenda pia wimbo wa kuabudu Ekaristi, ule wa Mtakatifu Thoma wa Akwino. Wimbo huo, Tantum ergo, ni mashairi mawili ya mwisho ya utenzi wake mrefu, na unahusishwa na sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo iliyowekwa na Papa Urbano wa Nne mwaka 1264. Zaidi ya miaka 750! Ubani ukipanda, hata wanaume wanaosimamaga mlangoni huwa wanauimba, na hakuna anayetazama kitabu.

Na Alhamisi Kuu, baada ya wimbo wa Utukufu kuimbwa na kengele kupigwa, kinanda kinapokaa kimya na sauti za watu zikabaki peke yake. Huko nyuma nilidhani ni pengo. Sasa nausubiri wakati huo mwaka mzima.

Basi nauliza. Wewe wimbo gani unakufungua mdomo, na upi unaufunga, na kwa nini? Na swali linalonisumbua zaidi: ukianza wimbo usioupenda, unaimba tu au unanyamaza?

MwalimuWaNota

Milele na milele, kaka. Pole sana na koo.

Nafundisha kwaya, kwa hiyo maneno yako yamenifika moja kwa moja. Kwa Mtakatifu sina utetezi. Agizo la Kanisa juu ya muziki mtakatifu, Musicam sacram la mwaka 1967, halikufuta kwaya wala nyimbo za sauti nne, ila linasema wazi kwamba si vyema kwaya ibebe uimbaji wote na kuwaacha waamini nje kabisa. Na kama kuna sehemu ya Misa ambayo ni ya watu, ni ile.

Lakini nikueleze upande wangu. Nina waimbaji vijana wanaokuja mazoezi jioni wakiwa wamechoka. Nikiwapa wimbo wa sauti moja wiki nzima, wiki ya tatu nabaki na watu sita. Wanataka kitu cha kupambana nacho. Nilichojifunza ni kuziweka nyimbo ngumu mahali pake. Baada ya komunyo, watu wameketi wanatafakari, pale kwaya iimbe peke yake hata dakika nne, hakuna anayenyang'anywa kitu. Kwenye matoleo pia inawezekana, ila uwe na mahali pa kukatia padre akiwa tayari. Mtakatifu tunao mmoja wa sauti moja, mistari mifupi; kwaya inaongeza sauti nne kwenye "Hosana" tu. Waamini waliushika Jumapili ya pili.

Jambo lingine ambalo watunzi wetu wanalisahau ni kimo cha sauti. Soprano wangu wanafika nota ya F ya juu bila shida, wakati mama aliyekaa benchi, ambaye hajafungua koo tangu asubuhi, anaishia D. Ukimpandisha zaidi ya hapo anashuka oktava nzima au ananyamaza. Mara nyingi tunasema "waamini wavivu kuimba" kumbe wimbo uko juu ya vichwa vyao.

Mimi unaonifunga mdomo ni wimbo wenye maneno yaliyolazimishwa kuingia kwenye nota, silabi inavutwa mpaka neno linageuka maana. Kiswahili kina mkazo wake, silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi akiupuuza, sikio linaumia hata kama hujui kwa nini.

Na kuhusu kusisimka: Mtakatifu Augustino, kitabu cha kumi cha Maungamo, anakiri kwamba zilikuwapo nyakati uimbaji ulimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, na aliona amekosa. Wala hakutaka muziki uondolewe kanisani, alikumbuka machozi aliyolia aliposikia nyimbo za Kanisa siku za mwanzo za imani yake. Huwa nawasomea wanakwaya wangu sehemu hiyo.

MamaWaBenchiLaMbele

Mwanangu BesiWaZamani, Tumsifu Yesu Kristo.

Huo wimbo wa "nibebe" nadhani naujua. Kama ndio wenyewe, nikueleze kidogo.

Mume wangu aliugua miezi minane. Miwili ya mwisho hakuweza kusali rozari, alikuwa akianza Salamu Maria anapotea katikati, na alikuwa mtu wa sala tangu ujana. Siku moja binti yetu aliimba kiitikio cha wimbo huo huku anamfuta uso. Baba akakirudia. Maneno manne. Kuanzia siku hiyo, hiyo ndiyo ikawa sala yake, asubuhi na usiku. Padre alipomletea komunyo ya mwisho tuliimba hicho kiitikio tu, yeye akitingisha midomo bila sauti.

Sijui kama wimbo una makosa ya mtunzi. Unaposema hauinui macho, nakuelewa, umeimba miaka mingi na unajua unachosema. Ila mtu aliyelala chali macho yake tayari yako juu.

Mimi nisizozipenda ni nyimbo mpya kila Jumapili. Nikianza kuushika, umebadilishwa. Tuachieni tuzeeke na wimbo.

TumbaNaKayamba

Shikamoo mama, na pole. Nimesoma ujumbe wako mara mbili.

Kaka, nashukuru umetenganisha ngoma na mdundo wa mashine, maana mijadala hii mingi huishia kutulaumu wapiga tumba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati ya liturujia ya mwaka 1963, ulisema muziki wa asili wa kila watu uheshimiwe na upewe nafasi katika ibada. Hati ileile inaupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza. Vyote viwili vimo, na mimi navipenda vyote viwili. Ule wimbo wa Noeli wa usiku mtulivu, ambao ukiimbwa taa zinazimwa na watu wanalia, uliimbwa mara ya kwanza kwa gitaa, mwaka 1818, Oberndorf kule Austria. Maneno ya padre Joseph Mohr, muziki wa Franz Gruber. Leo nikiingia na gitaa naangaliwa vibaya.

Unaonifunga mdomo ni wimbo unaoburutwa. Jumapili ya Pasaka, Kristo amefufuka, siku 40 hatujaimba Aleluya, halafu inarudi kwa mwendo wa kubeba jeneza! Wimbo haukuwa mbaya, nilikuja kuusikia mahali pengine ukiimbwa kwa uhai nikaufuata mpaka nje nikiuimba. Kwa hiyo sasa nikisema "siupendi" huwa najiuliza kwanza: siupendi wimbo, au nimeusikia ukiimbwa vibaya?

Kwa swali lako la mwisho, mimi naimba. Nikinyamaza, aliye pembeni yangu naye ananyamaza.

KidoleKimoja

Mimi mpiga kinanda. Ule mdundo nautumia na nitasema kwa nini: nilijifunza mwenyewe, mkono wa kushoto ni dhaifu, na hatuna mpiga ngoma. Bila mdundo kwaya inakimbia, naachwa. Baada ya kusoma hapa nimejaribu kuuzima kwenye nyimbo mbili za Kwaresima, maana Kwaresima maelekezo ya Misale, kitabu cha sala za Misa, yanataka kinanda kisaidie uimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne, sherehe na sikukuu. Tulitetereka shairi la kwanza. La pili watu wakatushika.

Mwalimu amesema kuhusu kimo. Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kuhamisha ufunguo. Shusha hatua mbili, vidole vinabaki palepale, waamini wanaimba. Kwaya yangu ililalamika siku moja tu.

Ila kuna mengine hapa si ya kupenda na kutopenda. Utukufu wenye maneno yaliyobuniwa na mtunzi, au wimbo wowote mzuri kuwekwa mahali pa Zaburi ya katikati, ile ya baada ya somo la kwanza, hayo maelekezo ya Misale hayaruhusu. Nimeambiwa mara nyingi "lakini watu wanaupenda". Hata mimi naupenda. Nimeuhamishia kwenye kutoka.

BesiWaZamani

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka Jumapili ipite kwanza.

Mama, pole sana, na asante kwa kuniamini na habari hiyo. Waliuimba jana, kwenye komunyo. Nilikuwa kwenye mstari, watu kama 20 mbele yangu. Nikamfikiria mzee wako anatingisha midomo, nikaimba kiitikio, chini sana, besi niliyoikumbuka tangu mazoezi. Koo lilivumilia mpaka shairi la pili. Mashairi bado nayaona mepesi, sitakudanganya. Lakini kiitikio nilikuwa sijawahi kukisikiliza peke yake, na kina maneno manne kweli, nikayahesabu.

Tumba, la kuimbwa vibaya umenishika. Kuna nyimbo mbili kwenye orodha yangu ambazo sasa sina uhakika nazo.

KidoleKimoja, samahani kwa nilivyousema ule mdundo. Sikuwahi kumfikiria aliyekaa nyuma ya kinanda akiogopa kuachwa.

Mwalimu, nimeongea na mwenyekiti wa kwaya yetu baada ya Misa. Hakukataa, amesema niwaletee huo Mtakatifu wa sauti moja wauone. Nota zake ni za do re mi au za mistari? Mpiga kinanda wetu anasoma do re mi tu.