Tiketi ya basi mtandaoni: 00:30, saa 6:30 usiku, au zote mbili?

Mchora_Kurasa (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijagusa ukurasa wa tiketi wa kampuni moja ya mabasi ninayoifanyia kazi, safari za Dar–Mwanza.

Wiki iliyopita mama mmoja alifika stendi ya Magufuli pale Mbezi, Ijumaa usiku, na watoto wawili na mizigo. Tiketi yake ilisomeka "Ijumaa 14 Nov, 00:30". Basi lake lilikuwa limeondoka usiku wa jana yake, na muda ule abiria wenzake walishafika Mwanza. Yule mama hakukosea. Kosa ni langu mimi niliyepanga maandishi ya ile tiketi, na tangu siku hiyo sina raha.

Zamani mabasi yakiondoka alfajiri hatukuwa na shida hii. Ila tangu yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, tuna safari za baada ya saa 6 usiku, na hapo ndipo abiria anapopotea.

Njia ninazozifikiria:
A. 00:30, kama ilivyo sasa.
B. Saa 6:30 usiku.
C. Zote mbili pamoja. Naogopa kujaza skrini, maana abiria wetu wengi wana simu ndogo.

Wakala_Dirishani
Mkuu, nimekata tiketi miaka tisa. Sijawahi kuulizwa "la sifuri sita lipo?" Wanauliza "la saa kumi na mbili lipo?" Kwa hiyo B.

Lakini kuna jambo hulioni ukiwa kwenye kompyuta. Abiria akishalipa, anatoa simu anatega alamu. Simu haijui saa kumi na mbili asubuhi, inajua 06:00. Nimeshampokea kijana aliyetega 12:00, akaja jua la utosi. Saa inavyosomeka kwenye simu anaihitaji, ila ije ya pili, baada ya kuelewa.

Msimbo_Safi
Upande wa kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za tiketi, usibadilishe kitu. Hifadhi muda kwa mfumo wa saa 24 pamoja na +03:00 (alama ya saa za Afrika Mashariki), ugeuze wakati wa kuonyesha tu. Usitegemee kivinjari: ukikiambia lugha ni Kiswahili kinakupa 06:00, hakikugeuzii kuwa saa 12. Hesabu ni fupi: ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki, baki ikiwa sifuri, andika 12. Saa 13 inatoa 7, yaani saa 7 mchana.

Mtego uko kwenye kupanga orodha. Ukipanga kwa namba inayoonekana, basi la saa 1 asubuhi litakaa juu ya la saa 12 asubuhi, wakati la saa 12 ndilo linalotangulia. Panga kwa muda uliohifadhiwa.

Na popote usiandike "12:00" tupu. Mtu anaweza kuisoma adhuhuri, usiku wa manane, macheo au machweo. Neno "asubuhi" au "usiku" lisitengane na namba hata mstari ukikatika.

Abiria_wa_Nairobi
Mimi bado niko na A. Sisi tunaotoka Kenya tumezoea tiketi za Kiingereza, na ukiniandikia "12:00" kwa ukurasa wa Kiingereza nitafika mchana. Saa 24 inaeleweka na kila mtu, hata mgeni.

Msimbo_Safi
Ndugu, kwa ukurasa wa Kiingereza nakubaliana nawe, iwe A peke yake. Ukurasa wa Kiswahili uongee Kiswahili.

Dada_Mpangilio
Jamani, mnabishania saa, wakati kilichomkosesha basi yule mama ni siku. Rudieni tiketi yake. Hata ingeandikwa "Ijumaa, saa 6:30 usiku" kwa uzuri wote wa B, angefika Ijumaa usiku vilevile. Mchana wa Ijumaa kwanza, usiku wake ndio unafuata. Hivyo ndivyo anavyohesabu.

Na msidhani wote wanahesabu hivyo. Bibi yangu wa Tanga akisema "usiku wa Ijumaa" anamaanisha Alhamisi baada ya Magharibi, kwa sababu kwake siku inaanza jua likizama. Maneno hayohayo, tofauti ya saa 24. Lugha imeshatupa dawa, tunaisikia kila siku kwenye taarifa ya habari: usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Ukitaja siku zote mbili, bibi na mama wote wanafika kwa wakati.

Kuhusu nafasi: kwenye orodha usirudie siku kila mstari. Weka kichwa kimoja, "Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa", na safari zake chini. Saa ya Kiswahili iwe kubwa, ya simu iwe ndogo chini yake. Ndogo isiwe kijivu cha kufifia. Uwiano wa mwanga kati ya rangi ya maandishi na ya nyuma yake usishuke chini ya 4.5 kwa 1, maana watu wanasoma stendi juani.

Mchora_Kurasa
Dada, umenifungua macho. Nilikuwa natibu saa, kumbe ugonjwa uko kwenye tarehe. Nimeandika upya meseji ya uthibitisho, haifiki herufi 160 za SMS moja:

"Basi linaondoka Alhamisi 13 Nov usiku, kuamkia Ijumaa 14, saa 6:30 usiku (simu: 00:30). Kuripoti saa 6:00 usiku, stendi ya Magufuli."

Wakala_Dirishani
Geuza, mkuu. Kuripoti kuanze, kuondoka kufuate. Watu wanashika saa ya kwanza wanayoiona na kuifanya ndiyo ya kufika. Pia hiyo 00:30 kwenye mabano iwe ya kuripoti, maana ndiyo atakayotegea alamu.

Mchora_Kurasa
Kweli kabisa, basi ni 00:00. Nageuza sasa hivi. Kesho nashuka stendi na karatasi mbili, ya zamani na mpya, niwaulize abiria watano swali moja tu: "Utatoka nyumbani siku gani, saa ngapi?" Majibu nitayaleta hapahapa.