Imeili moja kompyuta nne, anayewahi kufungua anabeba zote

mzigo_kurasini
Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana hili jambo limenichosha. Ofisi yetu ndogo tu, tunatoa mizigo bandarini hapa Dar, kompyuta ziko nne zimeungwa waya kwenye switchi moja na wote tunatumia imeili moja ya ofisi, ile inayoanza na info, kila mashine ina Outlook ya siku nyingi. Sasa anayewahi asubuhi kuwasha mashine yake ndo anazibeba zote, sisi wengine tukifungua hamna kitu utadhani hakuna mteja aliyeandika. Wiki iliyopita BL (hati ya mzigo wa meli) ya mteja wa Lubumbashi iliingia kwenye mashine ya dada wa keshia, dada akapata dharura ya mtoto akaondoka, karatasi zikalala humo siku tatu huku kontena linahesabiwa storeji. Mteja kalipa hela isiyomhusu na simu yake nimepokea mimi, iliniuma sana.
Kuna kijana alitushauri lile faili la Outlook tuliweke kwenye folda ya kushea kwenye mashine ya bosi ili wote tulifungulie hapo, tukafanya, siku ya pili likagoma kabisa. Tufanyeje?

fundi_waya
Pole sana mkuu. Hapo aliyewawekea imeili aliweka POP3, ni njia ya kushusha barua kwenye kompyuta. Chukulia sanduku la posta la ofisi lina funguo nne, wa kwanza kufika anazoa barua zote anaenda kuzifungia kwenye droo yake, wa pili akija anakuta sanduku tupu. POP3 ndo inavyofanya, inashusha kwenye mashine kisha inafuta kule kwenye seva, ile kompyuta ya mtandaoni inayopokea barua zenu. Kwa leo leo nenda kwenye setingi za ziada za akaunti, kuna kisanduku cha kuacha kopi kwenye seva, weka tiki kwenye mashine ZOTE nne, maana ikibaki hata moja haina tiki itaendelea kuwafutia wenzake.

bintimtandao
Mkuu fundi yuko sahihi ila hiyo tiki ni ya kuvukia usiku tu. Kwenye POP3 ukijibu mteja jibu linabaki mashine yako peke yako, mwenzako haoni kama ameshajibiwa, naye anajibu, mteja anapata bei mbili tofauti kutoka ofisi moja. Hamieni IMAP kaka, njia nyingine ya kupokea barua. Huko barua zinakaa kwenye seva na mashine zote nne zinaangalia mahali pamoja, iliyosomwa inaonekana imesomwa kwa wote, na zilizotumwa pia wote mnaziona. Outlook haikuruhusu kuigeuza akaunti ya POP kuwa IMAP, unaongeza akaunti upya, kupokea porti 993 yenye SSL (ulinzi wa barua zikiwa njiani), kutuma mara nyingi 587 au 465, waulize waliowauzia hosti (wanaowatunzia imeili kwenye seva yao) wakupe jina la seva.
Ila nakuomba kitu kimoja, KABLA hujagusa chochote kopi yale mafaili ya PST (ndo humo Outlook inaweka barua) ya mashine zote uyaweke kwenye diski ya nje. Barua za zamani haziko kwenye seva tena, ziko humo tu.
Na ile habari ya PST kwenye folda ya kushea msirudie, Microsoft wenyewe wanasema halikutengenezwa lifunguliwe na watu wengi kupitia netiweki. Lililogoma lijaribu na scanpst, programu ya kurekebisha PST, inakuja na Outlook yenyewe, kopi kwanza halafu ndo urekebishe.

mzee_wa_seva
Naongezea hapo kwa binti. Kwenye IMAP mmoja akifuta imefutika kwa wote, kwa hiyo kubalianeni mapema, asifute mtu, tengenezeni folda ya kila mfanyakazi na ukiichukua kazi unaihamishia kwako, wenzako wanajua ina mwenyewe. Pia pasiwedi moja ya watu wanne siipendi hata kidogo, mmoja akiacha kazi anaondoka nayo kichwani. Mkiweza kulipia Microsoft 365, kuna sanduku la pamoja lisilohitaji leseni yake hadi GB 50, kila mtu anaingia kwa jina lake na akiondoka unamtoa yeye tu.

mzigo_kurasini
Wakuu nimerudi, Mungu awabariki. Jumamosi tulifunga ofisi tukakopi PST zote kwanza, kisha nikaweka IMAP mashine moja moja. Ile ya keshia ilikuwa na barua za miaka minne, nikawa naziburuta kwenda folda za IMAP kidogo kidogo maana intaneti yetu ya kupandisha ni ya taabu, imemaliza jana usiku. Leo asubuhi imeingia BL ya Lubumbashi tena, tumeiona wote wanne kwa pamoja, dada wa keshia akaniita kutoka chumba cha pili "kaka umeiona?" nikamjibu nishaichukua.
Swali la mwisho, seva imeanza kuleta onyo kwamba nafasi inakaribia kujaa.

bintimtandao
Hiyo ni kwota ya hosti, yaani kikomo cha nafasi mliyopewa, umepandisha miaka minne kwa mkupuo. Za miaka miwili ya mwanzo zishushe kwenye PST ya kumbukumbu kwenye mashine moja, na kopi yake iwe kwenye diski ya nje, au muongeze nafasi. Fanya leo kaka, ikijaa barua za wateja zitaanza kurudishwa walikotoka.