Rimu ya mbele kushoto inajaa vumbi jeusi siku tatu tu baada ya kuosha, nifanyeje?

Kibamba_Mwisho
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu wa magari ya Mjerumani. Huu mwezi wa nne tangu niuze IST yangu nikachukua sedani ya 2011, rimu za aloi inchi 17 rangi ya fedha, na gari kwa kweli naipenda, imetulia barabarani sijapata kuona. Ila kuna kitu kinaninyima raha. Nikiosha Jumamosi, ikifika Jumanne jioni rimu za mbele zote mbili zimekuwa nyeusi kama nimepita kwenye tanuri la mkaa, za nyuma zina afadhali. IST nimekaa nayo miaka 6 sikuwahi kuona hiki kitu, nilikuwa napiga maji tu inang'aa.

Safari yangu ni Kibamba mpaka Posta kwenda na kurudi kila siku, na foleni ya Kimara mnaijua, mguu unakaa kwenye breki kuliko kwenye mafuta. Sasa juzi nimeangalia vizuri nikaona ya mbele kushoto inazidi sana ya kulia, yaani hata mtoto angeona tofauti. Afu kuna vidoa vya rangi ya chungwa havitoki kwa sabuni, ukipitisha kucha unasikia vinakwaruza. Kijana ninapooshea anasema nimpe hela kidogo akanunue asidi apake afu asugue na stiliwaya itakuwa mpya. Nimemwambia asubiri kwanza niulize. Je nimruhusu? Na hili vumbi lina dawa ya kudumu au ndo nizoee?

SpanaNamba17
Mkuu umefanya la maana kuuliza kabla. Usimruhusu kabisa, si asidi wala stiliwaya. Nitarudi kwenye kuosha ila ngoja nianze na hiyo ya kushoto maana ndo imenishtua kuliko hayo madoa.

Hilo vumbi ni brekipedi na diski vinasagana. Watu wengi wanadhani ni pedi peke yake, hapana, diski ni chuma cha kalibu na yenyewe inalika, kwa hiyo sehemu kubwa ya huo weusi ni chembechembe za chuma. Pedi nyingi zinazokuja na magari ya Ulaya zimechanganywa na chuma ndani yake ili ziume vizuri kwenye mwendo mkali, zinakamata haswa lakini zinasaga diski na vumbi linakuwa jingi. Magari ya Kijapani kama IST mara nyingi yanakuja na pedi laini zisizo na chuma, vumbi lake dogo tena la kijivu hafifu, ndo maana hukuliona. Na mbele lazima pachafuke zaidi kwa sababu ukikanyaga breki uzito mwingi wa gari unalalia mbele, breki za mbele ndo zinafanya kazi kubwa.

Hayo yote ni kawaida. Kisicho kawaida ni kushoto kuzidi kulia. Magurudumu mawili ya ekseli moja yanatakiwa yachafuke sawasawa. Upande mmoja ukizidi namna hiyo, mara nyingi kuna pedi inakokota, haiachii diski hata ukitoa mguu. Aidha pini za kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zimekauka grisi, au pistoni imeganda kwa kutu, au hozi ya breki imeziba kwa ndani inashika presha. Fanya hivi: kesho asubuhi mapema barabara ikiwa nyeupe endesha kama dakika 15 bila kushika breki ovyo, simama taratibu, afu sogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele, USIGUSE diski utaungua. Kama kushoto kunatoa moto kuliko kulia basi jibu umelipata. Baadae ikishapoa kabisa piga jeki, weka gia huru, zungusha tairi kwa mkono, linganisha na la kulia.

Usikae nayo muda mrefu mkuu. Pedi inayokokota inakula mafuta, inakula diski, na ikichemka sana oili ya breki inaweza kuchemka nayo ukakanyaga pedali ikazama.

Rimu_Safi_TZ
Nakazia kwa @SpanaNamba17, cheki breki kwanza. Mi nitaongelea usafi maana ndo kazi yangu ya kila siku.

Hivyo vidoa vya chungwa ni chembe za chuma zilizoruka zikiwa za moto zikajichimbia kwenye klia ya rimu (ile rangi angavu ya juu inayokinga), afu maji na hewa yetu hii ya pwani yenye chumvi vikazipigisha kutu zikiwa humohumo. Ndo maana sabuni haifanyi kitu, sabuni inatoa kilichokaa juu. Na stiliwaya itachubua klia yenyewe, ikishachubuka utakuwa umeifungulia kutu nyumba, aloi itaanza kupata vile vidonda vyeupe chini ya rangi na hapo hakuna kuosha tena, ni kupiga msasa na kupaka upya.

Kuna dawa maalumu ya kuyeyusha chuma, ulizia kwa wanaouza vifaa vya kung'arishia magari, ukipuliza inakuwa haina rangi ila ikikutana na chembe za chuma inageuka zambarau na kuanza kuchuruzika kama wino. Hiyo haili rangi kama asidi, inashika chuma peke yake. Mara ya kwanza ukiona inavyochuruzika utashtuka, maana rimu uliyodhani ni safi inatoa uchafu huo wote.

Namna ninavyofanya mimi: gari iwe imepoa, iko kivulini, rimu naosha KABLA ya bodi na kwa ndoo yake peke yake na brashi zake, kwa sababu zile chembe zikiingia kwenye sponji ya bodi utachora rangi gari nzima. Nasuuza kwanza kwa maji mengi ili vumbi lisilogandia liondoke lenyewe bila kusuguliwa. Tairi lenyewe nalisugua mwanzo kwa brashi ngumu. Kwenye rimu natumia brashi laini na shampuu ya gari, matundu ya nati natumia brashi ndogo kama ya kupakia rangi, na usisahau kwa ndani nyuma ya spoku, huko ndo kuna mzigo wenyewe. Baada ya hapo ndo napuliza ile dawa, naiacha dakika 3 hadi 5, isikaukie hapo, nasuuza mpaka maji yawe meupe. Nafuta kwa taulo kavu la nyuzinyuzi laini, gurudumu moja moja, maana maji ya kisima yakikauka yenyewe yanaacha alama za chokaa.

Rimu ikishakauka kabisa pakaa waksi au kinga yoyote ya rimu. Haizuii vumbi kutoka ila inazuia lisigande, wiki ijayo utapiga maji na shampuu tu. Na osha kila wiki, usisubiri mwezi, hapo ndo watu wanakosea.

Mama_Saluni_Mza
Samahani naingilia kidogo. Hiyo dawa ya zambarau kaka yangu aliitumia hapa uwani nikasikia harufu nikamwambia hii ni kalikiti ya nywele! Harufu ileile kabisa ya mayai viza. Ni kitu kimoja au pua yangu tu?

Rimu_Safi_TZ
Dada pua yako iko sahihi kabisa. Kiungo kinachofanya kazi kwenye hizo dawa ni cha ukoo wa tioglikoleti, na dawa za kukunja nywele kwa kalikiti nazo nyingi zinatumia amoniamu tioglikoleti. Kwenye nywele inalegeza unywele ukubali umbo jipya, kwenye rimu inashika chuma inakiyeyusha. Ila vipimo vyake na mchanganyiko ni tofauti, mtu asichukue ya saluni akapulizia gari, wala ya gari ikakaribia kichwa cha mtu.

Mama_Saluni_Mza
Asante kwa kunielewesha. Basi niwaombe kaka zangu mvae glavu na mfanyie sehemu yenye hewa, sisi tunaoshika hizi dawa kila siku tunajua zinavyofanya ngozi, vidole vinapasuka na wengine wanapata vipele mpaka wanaacha kazi. Kaka yangu alikuwa anaisugua kwa mikono mitupu kabisa.

Tanga_Raha82
@Kibamba_Mwisho nisikilize mimi yaliyonikuta. Mwaka juzi nilimwachia gari mtu aoshe nikaenda kula, kurudi nakuta amepaka dawa ya kusafishia choo kwenye rimu zote nne, eti inatoa weusi fasta. Na kweli ilitoa, pale pale ziling'aa nikafurahi nikamuongeza na hela ya soda. Wiki mbili baadae zikaanza kupauka, mabaka meupe kama mtu mwenye ukurutu, nati zikashika kutu, na hata kile kipande cha chuma kinachoonekana katikati nacho kikaota kutu. Dawa za choo nyingi zina asidi ya hidrokloriki, na aloi ya rimu ni aluminiamu, inaliwa. Nilipeleka zikapigwa msasa na rangi upya, gharama yake ningenunua shampuu ya miaka mitano.

Na kostiki soda pia msiiguse, hiyo nayo inakula aluminiamu vilevile japo siyo asidi.

Kitonga_Kushuka
Mimi kazi yangu ni Dar Iringa kila wiki. Nikishuka mteremko wa Kitonga kwa breki tupu rimu zinakuwa nyeusi siku hiyohiyo. Nilipofundishwa kuweka gia ndogo injini ishike gari, vumbi limepungua sana na pedi zinakaa muda mrefu. Kwa otomatiki toa D weka 2 au L au hiyo ya manyuo kabla hujaanza kushuka, siyo ukiwa katikati. Kwenye foleni yako ya Kimara acha nafasi mbele, achia mafuta mapema, usikimbilie taa ya mwenzio.

Jingine, ukitoka kwenye mteremko breki zinanuka usipeleke gari kwenye maji hapohapo. Diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inaweza kupinda au kupata nyufa, afu usukani unaanza kutetemeka kila ukishika breki. Acha ipoe nusu saa.

Na hili mafundi wetu wanisikie, ule mtindo wa kufungua gurudumu na kupuliza vumbi kwa kompresa uachwe. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, na hata hizi za sasa siyo kitu cha kuvuta kifuani. Lowanisha kwanza, futa kwa kitambaa kibichi. Nina ndugu zangu wameanza gereji wakiwa na miaka 15, wanapulizia hilo vumbi usoni kila siku bila hata barakoa, inaniuma sana.

Mbongo_Ujerumani
@Kitonga_Kushuka umesema jambo zito. Huku Ulaya mpaka sheria imelifikia, kwenye kanuni mpya za Euro 7 kwa mara ya kwanza vumbi la breki linapimwa kama moshi wa ekzosi, magari mengi madogo mapya yasizidi miligramu 7 kwa kilomita, ya umeme tupu 3, na inaanza na modeli mpya mwisho wa Novemba 2026. Umeme na haibridi zinatoa vumbi dogo la breki kwa sababu ukiachia mafuta mota ndo inapunguza mwendo huku ikichaji betri, pedi zinaguswa mara chache.

Kwa gari yako mkuu, watu wengi huku wenye sedani kama hiyo wakichoka na weusi wanafunga pedi za keramiki. Wengine wanalalamika zikiwa baridi asubuhi haziumi kama zile za mwanzo, ila kwa mwendo wa mjini sioni tatizo.

Kibamba_Mwisho
Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili na kidogo, nawashukuru kutoka moyoni. Nilifanya kile kipimo cha kiganja, kushoto kulikuwa kunawaka kulia pa kawaida. Nikapeleka kwa fundi, kafungua tumekuta pini ya chini ya kalipa imekauka na kushika kutu, kalipa haitembei, pedi ya ndani imebaki milimita 2 na ya nje bado nene. Pistoni nzima na hozi nzima. Kasafisha pini kwa karatasi ya msasa laini, kabadilisha raba zake, kapaka grisi ya breki ile ya silikoni. Alitaka kuweka grisi ya beringi nikamwomba asubiri nikanunue maana nilisoma inavimbisha raba. Tukafunga pedi za keramiki pande zote mbili.

Sasa hivi Jumamosi kwa Jumamosi kushoto na kulia ziko sawa, vumbi lipo ila la kijivu, maji tu linatoka. Na ile dawa ya zambarau nimepuliza na glavu kama dada alivyosema, yale madoa ya chungwa yametoka karibu yote, yamebaki manne matano hivi. Na gari imekuwa nyepesi, nikiachia breki kwenye mteremko inaondoka yenyewe.

Swali la mwisho, juzi nimeosha jioni nikaegesha, asubuhi diski zote zina kutu rangi ya chungwa. Nimeharibu?

SpanaNamba17
Hujaharibu mkuu. Diski ni chuma kitupu hakina rangi, ikilala na maji usiku mmoja lazima ipige kutu ya juu juu, breki mbili tatu za kwanza asubuhi inafutika. Ila ukimaliza kuosha zungusha gari mtaani kidogo ukigusa breki taratibu ili zikauke, hasa kama utaiacha siku kadhaa na hendibreki imevutwa, pedi inaweza kugandia diski.

Na kama fundi hakuzizoesha hizo pedi mpya na diski, tafuta barabara tulivu, nenda kama 50 au 60 punguza mpaka 10 bila kusimama kabisa, rudia mara kama kumi ukiacha nafasi, afu tembea bila breki zipoe. Hayo madoa manne yaliyobaki rudia dawa mwezi ujao, usiyachokonoe na kisu.

Kibamba_Mwisho
Sawa mkuu, hakuzizoesha. Jumapili asubuhi naenda kufanya hivyo barabara ya Kibamba kuelekea Kibaha kabla malori hayajaanza kujaa.