Namtafuta baba wa babu: Shija, aliyebatizwa Bukumbi

Mjukuu_wa_Ziwani: Habari za jioni wadau. Baba wa babu alibatizwa Bukumbi, misheni ya Kikatoliki karibu na Mwanza, enzi za Mjerumani, kisha akahamia Geita na kufia huko. Nina jina la ubatizo, Yohana, na la nyumbani, Shija. Nataka kuwajua wazazi na ndugu zake. Nianzie wapi?

Karani_Mstaafu: Mkuu, RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) iache kwanza, mwanakijiji wa enzi hizo kwa kawaida hana cheti cha kuzaliwa. Tafuta cheti cha ubatizo cha mtoto wake yeyote. Kina namba ya LB, yaani kitabu cha ubatizo, na jina la parokia. Nenda nayo ofisini, waombe pia kitabu cha ndoa, LM, maana ndoa huonyesha kila mmoja alibatizwa wapi.

Misheni ya Bukumbi ilianza 1883 na vitabu vya zamani ni vya Kilatini. "Filius" ni mtoto wa kiume wa, "patrinus" ni msimamizi wa ubatizo, "circa" ni takriban. Tafadhali usisahau pembeni mwa ukurasa! Akifunga ndoa kwingine, parokia ya ubatizo huarifiwa na kuandika pale. Wengi husoma mstari wa katikati tu, wanafunga kitabu.

Ng'wana_Mabula: Tafuta kwa sauti, siyo kwa herufi. Yohana ataandikwa Joannes. Shija chini ya kalamu ya Mjerumani anaweza kuwa Schidja, ya Mfaransa Chija. Na "ng'wana Mabula" siyo ukoo, kwa Kisukuma ni "mtoto wa Mabula". Kizazi kinachofuata kina jina jingine.

Shija wako wengi mno, ila jina lenyewe ni ufunguo: kwa Wasukuma hupewa anayezaliwa baada ya mapacha. Basi mapacha, Kulwa na Doto, walimtangulia. Watafute wenye baba huyohuyo. Wasipoonekana, huenda walifariki bila kubatizwa.

Tahadhari: Wamisionari wa Afrika, mapadre wa misheni hiyo, waliwafundisha wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) kwa takriban miaka minne, na wengi walibatizwa wakubwa. Mwaka wa ubatizo usiufanye mwaka wa kuzaliwa.

Mjukuu_wa_Ziwani: Asanteni sana. Na kaburi?

Karani_Mstaafu: Usilitafute kwenye kijiji cha leo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu, makaburi yakabaki kwenye mahame, yaani makazi yaliyoachwa. Waulize wazee "mahame ya nani", utaonyeshwa mstari wa minyaa iliyokuwa ua wa boma. Nenda kiangazi, majani yakiwa mafupi.