Tupeane uzoefu: Kozi za bure mtandaoni, "bure" inaishia wapi?

Wakuu, habari za jioni. Wengi hapa Dar wanaanza kozi hizi kwa moto kisha wanakwama wiki ya pili. Tuweke mambo ya kufanyia kazi.

Naanza na neno lenyewe. MIT, chuo kikuu cha Marekani, ilitangaza mwaka 2001 kuweka masomo yake wazi mtandaoni. Hayahitaji hata kujisajili, ila hayana cheti wala mwalimu wa kukujibu. Coursera na edX, majukwaa ya kozi za mtandaoni, zilianza 2012. Huko baadhi ya kozi unazitazama bila malipo, zote au sehemu yake tu, lakini mazoezi yanayosahihishwa na cheti mara nyingi hulipiwa. Kwenye edX njia ya bure ina tarehe ya mwisho, ikipita masomo yanafungwa. Iangalie siku ileile unayojiandikisha.

#2
Mkuu umesahau bando, na ndilo linaloua wengi. Video ya dakika 10 kwa ubora wa 720p inaweza kula MB 100. Kwa 360p ni karibu nusu au chini ya hapo. Mtandao ukiwa mzuri, programu hujipandishia ubora bila kukuuliza. Ingia kwenye mipangilio, shusha ubora, kisha pakua masomo ya wiki nzima kwa bando la usiku. Foleni ya Mbagala utaitumia kusoma bila data. Chukua na maandishi ya mhadhara: ni KB chache tu, na lafudhi ngumu haitakusumbua.

#3
Kuhusu cheti cha Coursera: kozi nyingi zina sehemu ya kuomba msaada wa ada. Jibu kwa maneno yako, eleza kipato na lengo. Majibu huchukua wiki mbili hivi, na kila kozi huombewa peke yake, kwa hiyo omba mapema. Jina la akaunti liwe lilelile la kitambulisho cha NIDA. Wanaojisajili kwa jina la utani hupata shida baadaye.

#4
Walimu, someni leseni kabla ya kudurufu. Masomo ya wazi ya MIT yana alama BY-NC-SA: tafsiri kwa Kiswahili ruksa, taja chanzo, usiuze, na tafsiri yako ibaki na leseni hiyohiyo. Ukiona ND, yaani hairuhusiwi kusambaza kazi iliyobadilishwa, usisambaze tafsiri kabisa. Shule isiyo na intaneti iweke Kolibri, programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti, kwenye kompyuta moja. Wanafunzi wanaunganishwa kwa Wi-Fi ya ndani, data haitumiki.

#5
Anayetaka shahada asichanganye mambo. Hizi ni kozi fupi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa 1992, kinafundisha kwa masafa na kutoa shahada, ila kina ada. Kwa kozi fupi, beba kazi uliyoifanya: jedwali la Excel, tovuti, ripoti. Mwajiri akikuuliza, unaifungua palepale mezani.