Tundu kubwa ukutani baada ya kubadilisha bomba: naliziba vipi lisije kupasuka?

Chuno_B
Wakuu habari. Nyumba ipo Chuno, Mtwara. Ukuta kati ya chumba na bafu umechimbwa kutoa bomba la chuma lililoliwa na kutu, yakawekwa mabomba mawili ya plastiki (PPR) ya nusu inchi, la maji baridi na la moto. Limebaki tundu la sentimita 60 kwenda juu, 45 upana, kina 10. Ukuta ni wa tofali za saruji za inchi 5, na upande wa pili una vigae, vizima. Fundi bomba anasema jaza saruji, piga lipu, kesho paka rangi. Naomba hatua na kiasi cha vifaa. Mchanga nilio nao ni wa ufukweni, utafaa?

BombaNusu
Kabla ya lipu, hakikisha bomba. Kama maji yako yanatoka kwenye tenki la mnara wa mita 4, hiyo ni presha ya bar 0.4 tu, kiungo kibovu kinaweza kukaa kikavu wiki nzima kisha kikavuja siku utakapounganisha moja kwa moja maji ya dira bila kupitia tenki. Vua bomba la mvua na koki, ziba ncha kwa plagi, azima pampu ya mkono ya kupimia, panda hadi bar 6. Mshale utashuka kidogo mwanzoni kwa sababu PPR hutanuka, ongeza tena. Ukitulia saa moja, na viungo ukivipangusa kwa karatasi kavu vikabaki vikavu, ziba.

Angalia pia kila kiungo kwa macho. PPR ya milimita 20 huchomwa kwa nyuzi 260 kwa sekunde 5 hivi. Pete ya plastiki ikiwa imezunguka kiungo chote sawasawa, ni nzuri. Ikikatika upande mmoja, kikate ukirudie leo ukiwa bado unakiona.

La moto lifunge sponji jembamba au hata karatasi ya nailoni mizunguko miwili. Likipata joto hurefuka, na likiwa limebanwa na saruji litachora ufa ulionyooka juu ya njia yake. La baridi liache.

MwikoNaPimamaji
Chuno_B, mchanga wa ufukweni hapana. Chumvi yake huvuta unyevu, na hapa kwetu hewa yenyewe ina unyevu wa kutosha. Kiraka kitatoa unga mweupe, rangi itavimba, na waya utakaoweka ndani utaoza. Tafuta wa mtoni, uliochekechwa. Ukitaka kujua alichokuletea dereva, weka chembe ulimini.

"Jaza saruji tu" ndiyo kosa lenyewe. Mchanganyiko wa unene wa sentimita 10 hushuka kwa uzito wake na kusinyaa unapokauka, unaachana na ukingo wa juu, na ufa wa mlalo unatokea pale pale hata lipu iwe nzuri kiasi gani. Tundu hilo lijengwe.

Banja lipu ya zamani sentimita 10 kuzunguka tundu, hadi tofali lionekane. Tumia tindo kwa mkono mwepesi: nyuma zimebaki kama sentimita 4 za tofali, ukipiga kwa hasira unang'oa vigae vya bafu. Kila unapomaliza upande, gonga vigae kwa sarafu. Kinacholia kama debe kimeachia. Piga brashi, toa vumbi lote, mwagia maji jioni na tena asubuhi. Tofali kavu hunyonya maji ya mchanganyiko, na saruji isiyopata maji haishiki.

Pakaa uji wa saruji kwa brashi, na usiuache ukauke. Anza chini: mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 4, panga vipande vya tofali, shindilia nyuma ya mabomba pasibaki uwazi. Kabla ya safu ya mwisho juu, simama saa mbili au tatu ya chini ishike. Pengo la juu lijazwe na mchanganyiko mkavu, ule unaoshikana ukiubana kiganjani bila kuchuruzika, uusukume kwa kipande cha mbao. Komea sentimita 1.5 ndani ya uso wa lipu ya zamani. Bomba liwe na angalau sentimita 2 za kulifunika. Likichungulia, chimba lirudi ndani. Usinenepeshe lipu kulificha, utapata kitambi ukutani.

Kesho yake, waya wa kuku wa sentimita 80 kwa 65, ulale juu ya maungio yote, misumari ya zege ya inchi moja na nusu kila sentimita 15, mbali na mabomba. Lipu 1 kwa 5, kata kwa rula ukiegemea lipu ya zamani pande zote. Mwagilia asubuhi na jioni siku 5.

Vifaa: mchanga ndoo moja na nusu ya lita 20, saruji kilo 12 pamoja na ya uji, tofali mbili za kuvunja. Saruji ya kupima kwa kilo iangalie kama haina madonge, maana mfuko uliokaa wazi pwani huku hauchukui muda kuharibika.

Chuno_B
Asante sana mkuu. Na nikifunika kwa bodi ya jipsamu?

MwikoNaPimamaji
Ukuta wa bafu? Bodi ya kawaida inakunywa maji ikalegea. Hata puti ya mwisho chukua ya saruji nyeupe, achana na ya jipsamu.

Mikindani_Mkongwe
Kwa wenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, msifuate vipimo vya hapo juu. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na inafungia unyevu ndani, kisha chokaa ya pembeni ndiyo inayomeguka. Tumia chokaa iliyolowekwa, 1 kwa mchanga 3, jaza kwa vipande vya mawe, lipu iwe tabaka za sentimita moja na kila moja ipumzike siku kadhaa.

Chuno_B
Rangi lini?

MwikoNaPimamaji
Wiki tatu hadi nne, na uwe umeacha madirisha wazi. Bandika nailoni juu ya kiraka kwa gundi ya karatasi usiku mmoja. Ukikuta matone ndani, bado. Kisha msasa, rangi ya kwanza, halafu ya maji mikono miwili ukuta mzima toka kona hadi kona. Ukipaka kiraka peke yake kitaonekana kila ukiwasha taa.